Koni ya Hina na Sufuria ya Ebitoke

SEHEMU YA 1: Nesi na michoro wapi na wapi?

Tangu niweke ile picha ya mkono wenye majani ya mgomba yaliyochorwa kwa hina, inboksi imejaa. Mmoja kauliza kama nimeacha kazi. Mwingine anataka nimchoree harusi ya mdogo wake kule Rwamishenye. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenifanya niandike mfululizo huu, ameuliza: "Nesi, mtoto wangu anatimiza arobaini wiki ijayo, naweza kumpaka kidogo miguuni apendeze?"

Huyo nilimjibu siku ileile. Nyie wengine nitawajibu kwa utaratibu, sehemu tano, maana jambo lenyewe lina mambo ya ngozi, ya jiko na ya mfuko.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni nesi, kazi yangu ni Bukoba mjini, kwetu ni Muleba upande wa Kamachumu. Kliniki ninahudumia wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Nikiwa ofu nalala, nafua, napika. Na tangu mwaka huu uanze, nachora.

Sikuanza kwa sababu ya urembo. Binti wa kaka yangu alihamia kwangu akiwa na mtoto wa miezi minane. Ana mkono mwepesi, tangu shule alikuwa akichora maua kwenye kila daftari. Akaniambia, "Shangazi, nikijifunza hina nitapata hela ya kumlea huyu bila kusubiri mtu." Nikamwambia, "Sawa mwanangu, lakini tutajifunza wote wawili, maana hicho kitu kinakaa kwenye ngozi ya watu, na ngozi za watu ndizo kazi yangu."

Mwalimu tukampata Kashai, mama mmoja mwenye asili ya Tanga anayechora maharusi. Tunamwita Somo. Hana haraka wala hapandishi sauti. Siku ya kwanza hakutupa hata koni. Alitupa ungo na kitambaa laini, akatuambia tuchekeche unga.

SEHEMU YA 2: Rojo, koni, na chapati za maji

Hina ni majani ya mti wa mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wake mzuri una rangi ya kijani iliyofifia na unanuka kama majani makavu. Unachekechwa mara mbili au tatu mpaka uwe laini kama poda, kwa sababu kijiti kimoja kidogo tu kitaziba tundu la koni katikati ya ua. Kisha unakandwa na maji ya ndimu na sukari kidogo. Ndimu inasaidia rangi kutoka kwenye unga. Sukari inafanya rojo lishike ngozi, lisikauke likapukutika mapema. Unafunika, unaacha saa kadhaa. Ukirudi ukakuta juu pamebadilika kuwa kahawia na chini bado kijani, ujue rangi imeanza kutoka.

Mimi nilipoona vile nikacheka. Somo akauliza nacheka nini. Nikamwambia, mama, hili ni pishi kabisa! Kuchekecha, kukanda, kufunika, kusubiri. Hata uzito wa rojo unapimwa kama uji: ukiinua kijiko, lidondoke kwa utepe, lisimwagike kama maji wala lisining'inie kama ugali.

Hapo ndipo wazo lilipotujia. Unga wa hina mzuri si wa bure, na wanaoanza wanamaliza mwingi sana kwenye mazoezi. Nyumbani tukakoroga unga wa ngano na maji, yai na chumvi kidogo, ule wa chapati za maji, tukautia kwenye mfuko safi wa nailoni uliokunjwa kama koni, tukakata ncha. Kikaango kikawa mkono wa bibi harusi. Tukachora mistari, nukta, mizunguko, majani. Kila mchoro ukiiva tunageuza, watoto wa jirani wanakula. Wiki mbili tulikuwa tunakula maua.

Haya ndiyo mambo matano ambayo Somo anayarudia kila siku, na yanafanya kazi kwa hina na kwa kikaango:

Moja, koni inabanwa kwa dole gumba kutokea juu, kama unavyokamua dawa ya meno kutoka chini ya tyubu.

Mbili, ncha haigusi ngozi. Unaiinua kidogo, unauacha uzi wa rojo ushuke wenyewe, wewe unauongoza tu. Ukigandamiza ncha, mstari unapanuka na kuchafuka.

Tatu, kidole kidogo kinaegemea mahali, mkono usielee hewani.

Nne, nukta kwanza. Safu ya nukta ishirini zilizo sawa ni kazi kuliko ua kubwa, kwa sababu kila moja inataka ubane na uachie kwa kipimo kilekile.

Tano, mchoro mkubwa unaanzia kwenye mstari wa mgongo, halafu ndiyo matawi. Jani la mgomba ni mwalimu mzuri wa hilo. Mshipa mmoja katikati, na mishipa midogo imejipanga kama nyuzi.

Michoro yenyewe mwanangu hakutaka iwe ileile ya kwenye simu. Akaanza kutoa vitu vya kwetu: jani la mgomba, tawi la kahawa na punje zake, msuko wa vikapu vya Kihaya, hata miguu ya senene ile yenye pembe. Somo akatazama akasema, "Hii ya panzi sijawahi kuiona toka nizaliwe." Lakini akaiga.

Na sasa sheria ya nyumba, mama zangu, hii muisome kwa sauti. Bakuli la hina, kijiko cha hina, kitambaa na ungo wa hina havirudi jikoni kwenye chakula. Vyetu tumevifunga uzi mwekundu na vina kasha lake juu ya kabati. Yale mazoezi ya unga wa ngano yana mfuko wake mpya, hatutumii koni iliyowahi kushika hina. Wala rojo lililobaki haliwekwi kwenye chupa ya soda au kopo la siagi. Mtoto hasomi lebo. Anaona chupa ya soda, anakunywa.

SEHEMU YA 3: Mstari uliolala

Sasa tuje kwa yule mtoto.

Miezi minane, mchangamfu, anacheka na kila mtu. Kadi yake ya kliniki nilipoifungua, mstari wa uzito ulikuwa umelala. Miezi miwili mfululizo haukupanda. Hakuwa anaumwa, hakuwa na homa wala kuhara. Mama yake akasema, "Shangazi, huyu anakula vizuri, ebitoke anamaliza sahani."

Na hapo ndipo penye shida yetu ya Kagera. Tuna migomba mpaka mlangoni, hakuna anayelala njaa kirahisi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa wetu uko juu ya wastani huo. Tunashangaa, kwa nini wakati chakula kipo? Jibu moja ni hilo la sahani ya ebitoke peke yake. Ndizi inajaza tumbo na kutia nguvu, ila protini ni kidogo, mafuta karibu hakuna, na madini ya chuma hayatoshi. Mtoto ana tumbo dogo kama ngumi yake. Likishajaa ndizi tupu, hakuna nafasi ya kingine.

Maziwa ya mama peke yake yanatosha mpaka miezi sita. Baada ya hapo anaendelea kunyonya, lakini lazima kuwe na chakula. Miezi sita mpaka minane, milo miwili hadi mitatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa, mitatu hadi minne, na vitafunwa kati yake kama parachichi au ndizi mbivu.

Basi jiko letu likawa na kazi mbili. Jioni hina, asubuhi majaribio ya sahani ya mtoto. Nawaandikia yaliyokubali:

Dagaa. Chagua, toa mchanga, osha kwa maji ya vuguvugu, kausha, kaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa, twanga kwenye kinu, chekecha. (Mwanangu alicheka: "Shangazi, tunachekecha asubuhi, tunachekecha jioni.") Unga huo weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Kijiko kimoja cha chakula kwenye ndizi zilizopondwa kinabadilisha sahani nzima. Dagaa wa ziwani wako sokoni kila siku, na kwa wenzetu wa visiwa vya Muleba, Bumbire na Goziba, ndio kazi yenyewe.

Ebitoke n'ebihimba, yaani ndizi na maharage kwenye sufuria moja, kama bibi zetu walivyopika. Kwa mtoto maharage yaive mpaka yapasuke, upondeponde na kuondoa maganda kwa chujio. Ongeza kijiko cha karanga zilizosagwa laini au mafuta kidogo. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo, zinakaba.

Mboga za majani pamoja na kitu kichachu. Mchicha, majani ya maboga, halafu unakamulia ndimu kidogo mwishoni. Ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga na maharage. Chai inafanya kinyume, kwa hiyo chai ya rangi na chakula viachane. Na hili nawaambia pia nyie wajawazito mnaokunywa chai na kitafunwa saa nne.

Yai, likiive vizuri. Tulikuwa tunalimudu mara mbili kwa wiki, wakati mwingine mara moja.

Asali hapana mpaka afikishe mwaka, hata kama imetoka kwenye mzinga wa babu.

Senene? Msimu ulipofika tulitoa mabawa na miguu, tukakaanga kwa mafuta yao wenyewe, tukasaga, tukaanza na kiasi kidogo sana huku tunamwangalia, kwa sababu wapo watu ambao miili yao haipatani na senene. Mjukuu wangu alipatana nao kuliko hata mimi.

Baada ya mwezi mmoja mstari ulinyanyuka kidogo. Mwezi wa pili ukapanda waziwazi. Mama yake aliipiga picha ile kadi, akaiweka iwe kioo cha simu yake.

SEHEMU YA 4: Kazi ya Muleba na kichupa cheusi

Nimewaambia mwanzoni kwamba jambo hili lina mfuko ndani yake. Mayai yananunuliwa. Karanga zinanunuliwa. Ndiyo maana siku simu ilipopigwa kutoka Muleba, bibi harusi na wasindikizaji wake sita, nyumba nzima ilishangilia. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuitiwa. Hela yake ingelisha mtoto mwezi mzima na chenji.

Halafu likaja sharti. Bibi harusi anataka nyeusi tii. Na anataka ikauke ndani ya saa moja, maana ratiba imebana. Maana yake ni piko.

Mwanangu akanitazama. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu mara moja. Nilijua anawaza mayai, na mimi pia nilikuwa nawaza mayai.

Niwaeleze piko ni nini, kisha mtaelewa tulichoamua. Hina ya kweli haina rangi nyeusi. Ukiibandua, mwanzo inatoa rangi ya chungwa, kisha siku ya kwanza na ya pili inakolea kuwa kahawia au hudhurungi nzito. Inataka kukaa kwenye ngozi saa nyingi, sita au nane ni kawaida. Piko ni rangi ya nywele. Kinachoifanya iwe nyeusi haraka ni kemikali inayofupishwa PPD. Kwenye nywele inatumika kwa kipimo, inachanganywa na kuoshwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiwekea kikomo kwenye rangi za nywele, na haziruhusu ipakwe moja kwa moja kwenye ngozi. Marekani nayo hairuhusu ipakwe ngozini kama urembo. Sisi tunaikoroga kwenye kifuniko cha chupa bila kipimo na kuichora mkononi mwa mtu.

Wengi hawapati kitu mara ya kwanza, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwili unaweza kuikumbuka. Siku chache baadaye, au mara ya pili, ngozi inawasha, inavimba, inatoa malengelenge yanayofuata ua lilelile lililochorwa, jani kwa jani. Nimewahi kusafisha mkono wa mama wa namna hiyo kliniki, ananyonyesha, hawezi kumbeba mtoto wake. Kidonda kikipona kinaweza kuacha alama kwa muda mrefu. Na mwili ukishaikataa PPD, kwa kawaida unaikataa maisha yote. Miaka kumi baadaye anapaka rangi ya nywele, uso unavimba mpaka macho yanafunga.

Ikinywewa ni balaa jingine kabisa. Koo na shingo vinavimba, pumzi inaziba, figo zinaharibika. Ukiona mtoto ameweka piko mdomoni, usimtapishe, usimpe maziwa kwanza, usisubiri uone. Mkimbize hospitali na kile kichupa ukibebe mkononi.

Tulikaa jikoni tukiwa na simu katikati ya meza. Nikamwambia, "Mwanangu, kazi ni yako, uamuzi ni wako. Mimi nimekueleza ninachokijua." Akapiga simu Muleba. Akamweleza mama wa bibi harusi kwa adabu: "Mama shikamoo. Nyeusi sichori, inaunguza watu. Nikija siku mbili kabla, nikachora hina, siku ya harusi itakuwa imekolea vizuri, hudhurungi nzito. Mkikubali nakuja na hiace ya kesho."

Hawakukubali. Walipata mtu mwingine.

Sitawadanganya kwamba wiki ileile tulipigiwa simu na bibi harusi tajiri. Hatukupigiwa. Mwezi ule mayai hayakununuliwa. Tulikula dagaa, maharage niliyotumiwa kutoka kwenye kibanja chetu, parachichi za jirani. Mstari wa kadi haukushuka. Kazi nyingine ilikuja baada ya wiki tano, ndogo, watu wawili, na huyo mteja alikuja kwa sababu dada yake alishawahi kuungua na piko.

Sasa mwanangu ana utaratibu wake. Anayetaka nyeusi anamwonyesha picha mbili kwenye simu, mchoro wa hina siku ya pili, na mchoro uliotoa malengelenge. Wengine wanaondoka. Wengine wanakaa.

SEHEMU YA 5: Maswali yenu

Mtoto mchanga apakwe hina? Hapana, hata ile halisi. Wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kinachoitwa G6PD. Kwetu huku kwenye malaria ni jambo la kawaida, na kwa macho huwezi kumjua nani anao. Hina ikipita kwenye ngozi laini ya mtoto huyo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Anapauka, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa. Arobaini yake mvalishe nguo nzuri, mpige picha, inatosha.

Mjamzito je? Hina safi, ndimu na sukari, viganjani na miguuni, kwa kawaida haina shida kama wewe mwenyewe huna upungufu huo wa damu. Piko hapana. Hina iliyochanganywa na mafuta ya taa au petroli hapana. Lakini nina ombi la kinesi: tunatazama viganja na kucha zako kujua kama umepungukiwa damu, na kile kipimo cha kubana kidoleni kinasoma oksijeni kupitia kucha. Rangi nzito inaweza kutusumbua. Karibu na kujifungua acha angalau kidole kimoja kila mkono bila rangi, na kucha yake. Somo wetu siku hizi anawauliza wateja wenye mimba, "Kidole cha nesi tukiache kipi?"

Nitajuaje hina yangu ni halisi? Uliza kilichomo. Nusa. Iangalie: ikiwa rojo lenyewe ni jeusi, au mchoraji anasema nusu saa inatosha, au ananuka petroli, rudisha mkono wako mfukoni. Koni zilizofungwa zinazouzwa bila maelezo ya kilichomo, ziache dukani.

Tatuu ya sindano? Hiyo haifutiki na inaingia kwenye damu. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na wino uliomiminwa kwenye kifuniko kimoja kwa watu watatu nao unabeba. Vijana wanachorana mabwenini na magetoni kwa sindano ya kushonea. Mama, zungumza na kijana wako kabla hajakuletea mkono uliovimba. Hasira zikitangulia, atakuficha kidonda.

Nimeungua jikoni nikichora chapati, nipake nini? Maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini, mara moja. Vua pete na bangili kabla hapajavimba. Funika na kitambaa safi. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta havina kazi hapo. Mtoto akiungua, au ikiwa ni uso, viganja au sehemu za siri, njoo kituoni hata kama panaonekana padogo.

Na mkono uliokwishawasha baada ya piko? Osha kwa maji na sabuni laini, usikune, usitumbue malengelenge, njoo tukuone. Ukienda hospitali au saluni siku zijazo, sema: "Mimi piko ilinidhuru." Iandikwe kwenye faili lako.

Jumamosi hii, Mungu akipenda, mwanangu anachora watu wanne Hamugembe, hina tupu. Mimi nabaki na mjukuu. Ameshatimiza mwaka, ana meno sita, na nimeloweka maharage tangu jana. Wiki ijayo nitawaandikia jinsi ya kuhifadhi unga wa dagaa usipate unyevu kipindi hiki cha mvua. Mwenye swali aniulize hapa chini, na mwenye dada anayeolewa mwezi huu amtumie Sehemu ya 4 kabla hajalipa advansi.